Dhahabu ya Sekenke na Kiswaswadu Kilichokufa Kabatini: Historia ya Makorokoro ya Umeme Kule Iramba

Ingia nyumba yoyote pale Kinampanda, iwe ya mwalimu wa chuo au ya mkulima wa alizeti, halafu omba ufunguliwe droo ya chini ya kabati la sebuleni. Wee! Kuna kiswaswadu kilichokata moto tangu enzi za rais aliyepita. Kuna chaja tatu ambazo simu zake hazijulikani zilipo. Kuna rimoti ya king'amuzi kisicholipiwa, tochi ya sola iliyokufa na betri ya simu iliyovimba kama andazi. Muulize mwenye nyumba kwa nini havitupi, jibu ni lile lile: "Acha, kitafaa siku moja."

Watu wa mjini hucheka wakisikia hivyo. Lakini huo si ubahili. Ni tabia yenye historia, na historia yenyewe haianzii kwenye simu, inaanzia kwenye dhahabu.

Wilaya ni ile ile ya Iramba. Ukishuka ule mlima unaowatoa jasho madereva wa malori wa barabara ya Singida kwenda Nzega, umefika upande wa Sekenke. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipopamba moto, meli za Waingereza zikaziba pwani yote na koloni likaishiwa fedha za kulipa askari na wauzaji wa chakula. Mwaka 1916 ikaamuliwa kwamba sarafu zitengenezwe hapa hapa, kwenye karakana ya reli pale Tabora. Dhahabu ya Sekenke ikageuzwa kuwa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zilitoka takriban elfu 16 tu, na leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya wanazigombania kwa mamilioni. Aliyechonga muhuri wake alikuwa sonara kutoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Jina lake halikuandikwa kwenye sarafu, wala wengi hawalijui.

Kinachohusu habari ya leo zaidi ni zile sarafu ndogo za heller zilizopigwa karakana ile ile. Hizo hazikuwa za dhahabu. Zilipigwa kwa shaba, na sehemu ya shaba yenyewe ilitokana na maganda ya risasi na mizinga iliyokwisha kufyatuliwa. Yaani taka za vita ziliyeyushwa zikawa pesa ya kununulia chumvi. Kwa hiyo mtu akikwambia kuchakata vyuma chakavu ni jambo la kisasa lililoletwa na Wazungu wa mazingira, mwambie apite Tabora kwanza.

Redio na mawe yake

Matangazo ya redio Tanganyika yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 serikali ikaichukua redio moja kwa moja, ndipo ikazaliwa RTD. Kwa sehemu kama Kinampanda, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuwa wamejenga kituo cha kufundishia walimu tangu zama za mkoloni, redio haikuwa anasa. Mwalimu asiye na redio alikuwa mwalimu nusu. Na ilipokuja redio ya transista, ile ndogo isiyohitaji umeme wa ukutani, mambo yakabadilika kabisa. Ikatoka sebuleni kwa wakubwa ikaenda shambani, machungani na kilabuni.

Ila transista ilikuja na mdomo wake, nao ulitaka kulishwa betri. Betri zikawa bidhaa ya lazima dukani, sambamba na sabuni, kiberiti na mafuta ya taa. Zikiisha nguvu ziliwekwa juani, wengine wakizing'ata kidogo ubavuni, na kweli redio ilisikika tena kwa siku mbili tatu. Zikifa kabisa, kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, choo cha shimo. Ya pili, shuleni.

Waliosoma miaka hiyo wanakumbuka. Mwalimu alikuwa anaagiza kila mtoto aje na betri mbovu. Zilipondwa kwa jiwe, ule unga mweusi ukakusanywa, ukachanganywa na majani au maji ya kunata, ukapakwa ubaoni mpaka ubao ukang'aa weusi. Watoto walirudi nyumbani mikono meusi, pua nyeusi, wakicheka. Ule unga ni kaboni na manganizi, na ganda lake ni zinki. Betri nyingi za zamani zilikuwa pia na zebaki au kadimiamu kidogo ndani yake. Hakuna aliyelijua hilo. Mwalimu alikuwa na darasa la watoto sitini na ubao uliopauka, angefanyaje?

Mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi redioni na kujadili namna ya kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufukia mazalia ya mbu. Ilikuwa kazi nzuri mno, inasomwa mpaka leo vyuo vikuu vya nje. Sasa fikiria redio za vikundi hivyo zilikula betri ngapi, na betri zile ziliishia wapi. Ndiyo hivyo, nyingi ziliishia kwenye vile vile vyoo vipya. Baadaye, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza na walimu wa UPE wakafundishwa kwa masomo ya posta na redio, betri ziliendelea kuliwa.

Fundi ambaye hakutupa kitu

Katikati ya yote haya kuna mtu mmoja asiyetajwa kwenye vitabu, naye ni fundi redio. Kila kituo cha biashara cha ukanda ule kilikuwa naye. Kibanda cha mbao, meza yenye alama za kuungua, chuma cha kuchomelea kilichopashwa kwenye jiko la mkaa pasipo na umeme, na nyuma yake rafu iliyojaa maiti za redio. Wateja waliziita takataka. Yeye aliziita stoo.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ile stoo ilikuwa na thamani kuliko duka. Mwaka 1974 serikali iliweka marufuku ya kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu, kwa hoja kwamba nchi haina fedha za kigeni za kuchezea. Zanzibar walikuwa wameshawasha televisheni ya rangi, Bara wakawa wanaisikia kwa jina. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, maduka yakabaki na rafu tupu. Redio ikiharibika transista, hakuna pa kuagiza spea. Fundi alikuwa anatoa kwenye redio iliyokufa anatia kwenye iliyo mahututi. Spika ya National inaimba ndani ya boksi la Philips, antena ni kipande cha waya wa baiskeli. Ladha ya muziki wa Mlimani Park au Juwata, kwa watu wengi wa vijijini, ilipita kwenye mikono ya fundi wa aina hiyo.

Halafu 1983. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, mtu kukutwa na vitu vingi nyumbani ikawa kesi. Simulizi za mwaka ule zimejaa watu waliobeba mali usiku wakazitupa porini, mitoni, hata visimani, kwa kuogopa tu. Pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza Watanzania kutupa kwa wingi vitu vizima vinavyofanya kazi. Baada ya hapo biashara ikafunguliwa, ikaja ruksa, na redio kaseti za milango miwili zikaingia kwa fujo. Fundi wetu akaanza kusikia neno jipya kwa wateja: "Bora ninunue nyingine."

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Maana watu wakizungumzia taka za umeme huwa wanaanzia kwenye majalala ya Accra, moshi mweusi na vijana wanaochoma nyaya. Kwa Tanzania ingefaa kuanzia kwenye sentensi hiyo ya mteja. Siku kitu kipya kilipokuwa rahisi kuliko kukitengeneza cha zamani, rafu ya fundi ikaacha kuwa stoo ikawa kweli ni takataka.

Chogo, king'amuzi na Mchina

Televisheni binafsi zilianza Bara mwaka 1994. Vijijini TV ya chogo iliwashwa kwa betri ya gari, na betri ikapakiwa kwenye baiskeli kwenda kuchajiwa. Kioo cha chogo, mdau, kina madini ya risasi, na kwenye TV kubwa yanaweza kufika kilo moja au zaidi. Yamewekwa makusudi ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Likiwa zima halina neno. Likivunjwa na watoto nyuma ya nyumba ili kupata sumaku na waya wa shaba, hapo ni habari nyingine.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, Dar es Salaam kwanza, mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Ving'amuzi vikauzwa kama njugu. Wenye uwezo wakaona kisingizio cha kununua flati, machogo yakahamia kwa shemeji, kwa hausigeli, kijijini kwa bibi. Kijiji ndiyo makaburi ya vitu vya mjini. Hakuna anayesema hivyo kwa ubaya, lakini TV ikishafika kwa bibi Kinampanda haina pengine pa kwenda.

Miaka mitatu na nusu baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ikazima simu feki. Zaidi ya laki sita zilikata mawasiliano. Wiki zile nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06# kuangalia namba ya simu yake na kuituma 15090 kuuliza kama ni halali. Utani ulikuwa mwingi, watu wakatumiana picha za majeneza ya simu. Lakini swali la nini kifanyike na simu laki sita zilizokufa kwa usiku mmoja halikuwa na utani ndani yake. Nyingi zilikwenda kule kule, droo ya chini.

Na bado sola haijatajwa. Kabla nguzo za REA hazijafika, taa za sola ziliingia vijijini kama mvua ya kwanza, na hakuna wa kuzilaumu: zilimtoa mtoto kwenye moshi wa koroboi. Tatizo ni kwamba betri yake ina umri. Ikipita miaka michache inakufa, na kampuni iliyouza pengine imeshafunga ofisi.

Mama wa Mombasa

Anayedhani haya ni mambo ya kuchafua mazingira tu, kwamba yatawahusu wajukuu, asikilize habari ya Owino Uhuru. Ni mtaa wa watu wa hali ya chini pale Mombasa. Mwaka 2007 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Watu walifurahia ajira. Mama mmoja akaajiriwa ofisini na kupewa kazi ya kushughulikia masuala ya mazingira ya kiwanda. Muda si mrefu mtoto wake mchanga akaanza kuugua homa zisizoisha. Malaria hakuna, taifodi hakuna. Kipimo cha damu kikaonyesha risasi, na ilikuwa imemfikia kupitia maziwa ya mama yake.

Mama yule akaacha kazi, akaanza kuwapima watoto wa majirani, nao wakakutwa nayo. Alitishwa, akakamatwa, akafikishwa mahakamani, akaachiwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanakua na risasi mwilini, na risasi hudumaza akili. Haina harufu, haina rangi, haiumi. Mtoto anakuwa mzito darasani na mwalimu anamwita mvivu.

Betri zilizoyeyushwa pale hazikutoka sayari nyingine. Zilikuwa za magari, matrekta na majenereta ya watu wa kawaida, walioziuza kwa kijana wa skrepa bila kumuuliza anazipeleka wapi.

Sheria ipo, barabara ndiyo ndefu

Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Basel, ule unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi, mwaka 1993. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na mwaka 2021 zikatoka kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kwa kifupi, mtu anayekusanya au kuchakata taka hizo anatakiwa awe na kibali, si kila mwenye mkokoteni na nyundo. Kuanzia Januari 2025 mkataba wa Basel umekaza zaidi: taka za elektroniki za aina yoyote, ziwe za hatari au la, haziingizwi nchini bila nchi yenyewe kuarifiwa na kukubali kwanza.

Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22 na kidogo. Kwa Afrika haifiki hata asilimia moja. Majirani wana vituo, Kenya upo Nairobi, Rwanda upo Bugesera. Lakini kwa mtu wa Kinampanda hata Dar es Salaam ni mbali, na nauli ya kupeleka chogo huko ingenunua flati ndogo.

Ndiyo maana mengi yanaamuliwa dukani, kabla kitu hakijawa taka. Simu ya elfu ishirini inayokufa baada ya miezi minne ni ghali kuliko ya elfu sitini inayokaa miaka mitano. Bibi zetu walilijua hilo kwenye sufuria, sijui kwenye simu limepotelea wapi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kioo chake kinapatikana Singida? Betri je, inatoka au imegandishwa? Akianza kutazama dari, jibu umeshalipata. Taa ya sola nayo iulizwe betri yake inabadilishwaje, na nani.

Kikiharibika, kianzie kwa fundi. Vijana wanaofungua simu kwenye vibanda vya vioo leo ndio wajukuu wa yule wa jiko la mkaa, na simu mbovu unayomwachia inampa spika, kamera au kioo cha kuokoa nyingine. Futa kwanza picha na taarifa zako, toa laini, maana kwenye simu siku hizi kuna benki nzima. Betri iliyovimba isitobolewe wala isirudishwe kwenye chaja. Iwekwe kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na moto na watoto. Betri ya gari au ya sola irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima na tindikali yake ndani. Kuukuu ina bei, wengi hupunguziwa wanaponunua mpya. Kumwaga maji yake shambani ili iwe nyepesi kubeba ni kupanda risasi kwenye mahindi.

Na kijana wa skrepa? Watu humwona kama mwizi wa masufuria, lakini bila yeye vijiji vingi visingekuwa na ukusanyaji wowote. Kosa lake ni moto. Anachoma nyaya ili plastiki iondoke ibaki shaba, na ule moshi una sumu mbaya kuliko wa sigara pakiti nzima. Nyaya zikichunwa kwa kisu shaba inatoka safi, na bei yake huwa nzuri zaidi kuliko ya iliyoungua. Kazi ni ndefu, ndiyo, lakini wapo wanaofanya hivyo. Anayeuza kitu kizima, bila kukivunja, kwa kijana asiyechoma, ameshafanya zaidi ya warsha tatu za hotelini.

Yanayobaki ndiyo yanataka kichwa cha pamoja. Chuo kina wanachuo wanaokwenda likizo kila kona ya nchi, shule zina watoto, makanisa na misikiti ina watu kila wiki. Boksi moja kavu lenye mfuniko, la betri na simu, halina gharama. Likijaa, ofisi ya NEMC ya kanda inaweza kusema nani ana kibali cha kulichukua, na gari linalorudi Dodoma au Dar tupu baada ya kushusha mzigo halikosekani Misigiri.

Tani moja ya simu kuukuu, kwa hesabu za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ina dhahabu karibu mara mia kuliko tani moja ya mawe ya mgodini. Kule Sekenke wachimbaji wadogo bado wanaponda mawe na kuyaosha kwa zebaki kutafuta gramu mbili tatu. Na juu ya mlima, ndani ya droo za Kinampanda, dhahabu nyingine imelala karibu na rimoti, imefungwa kwenye mfuko wa rambo, ikisubiri siku itakayofaa.